Gemu Inapokwama kwenye Kompyuta ya Mezani: Tafuta Chanzo Kabla ya Kuagiza Kadi Nyingine

Wengi wanaoniletea kompyuta za mezani hapa Mtwara kwa sababu gemu zinakwama huja wakiwa wameshatoa hukumu: kadi ya michoro ni dhaifu, fundi ataje bei ya nyingine. Nimejizoeza kutoipokea hukumu hiyo mpaka nipime mwenyewe, kwa kuwa mara nyingi kadi haina kosa lolote, na fedha ambayo ingetumika kununua nyingine ingeleta kifaa kipya kitakachokwama vilevile. Kwetu sisi wa kusini kosa la namna hii lina gharama kubwa kuliko kwa mtu anayeishi jirani na Kariakoo. Kadi huagizwa Dar es Salaam, husafiri kwa basi zaidi ya kilomita 500, na ikifika ikabainika kwamba haikuwa inahitajika, ni nadra muuzaji wa vifaa vilivyotumika akakubali kuipokea tena. Maelezo haya yanafuata utaratibu ninaoutumia kwenye meza yangu ya kazi: kupima, kukagua yale yasiyogharimu chochote, kufungua kasha, na mwisho kabisa, ikilazimu, kuzungumzia ununuzi.

Kinachokwama ni nini hasa?

Neno "inakwama" hubeba magonjwa matatu ambayo tiba zake hazifanani. La kwanza ni uchache wa fremu (picha zinazochorwa kila sekunde), yaani picha inakwenda kizito mfululizo tangu mwanzo hadi mwisho. La pili ni kukatakata: gemu inakwenda vizuri, kisha kila baada ya sekunde kadhaa picha inasimama kidogo na kuendelea. La tatu halimo ndani ya kompyuta kabisa. Mchezaji wa mtandaoni anamwona mpinzani wake akiruka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine na risasi zake haziingii, lakini yeye mwenyewe akizungusha kamera picha inageuka kwa ulaini. Huo ni ucheleweshaji wa mtandao, na hakuna kadi ya michoro inayoweza kufupisha safari ya data kutoka Mtwara hadi kwenye seva iliyoko Ulaya au Afrika Kusini na kurudi. Njia rahisi ya kutofautisha ni kucheza sehemu ya mazoezi isiyohitaji intaneti. Ikiwa huko gemu ni laini, ugomvi wako ni na mtandao, na sehemu kubwa ya maelezo haya haikuhusu.

Kwa magonjwa mawili ya kwanza, hesabu kidogo inasaidia. Gemu inayotoa fremu 60 kwa sekunde inaipa kila picha milisekunde 16.7 za kuandaliwa. Ya fremu 30 inatumia milisekunde 33.3, na ya fremu 144 haifikishi hata 7. Wastani unaweza kusomeka 60 huku picha moja katika kila mia ikichukua milisekunde 100, na jicho litaiona hiyo moja kuliko zile tisini na tisa. Ndiyo sababu programu nzuri za kupimia huonyesha pia kiwango cha asilimia 1 ya chini, yaani idadi ya fremu katika zile nyakati mbaya kuliko zote, na mtu anayelalamikia kukatakata anapaswa kuangalia namba hiyo, kwa kuwa wastani hautamwambia kitu.

Ni lazima pia matarajio yenyewe yawe ya haki. Ukiona katika video kwamba kadi kama yako inatoa fremu 90, angalia prosesa waliyoitumia, kiwango cha michoro, na ukubwa wa picha. Picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi kidogo ya milioni 2. Ile ya 3840 kwa 2160 ina zaidi ya milioni 8, yaani kazi mara nne kwa kadi ileile. Wapimaji wa kadi karibu wote huzipima pamoja na prosesa yenye nguvu kuliko zote zilizopo sokoni, ili prosesa isiufiche uwezo wa kadi. Kompyuta ya ofisi ya miaka minane iliyopita haitatoa namba hizo hata ukiiwekea kadi ileile, na huo si ubovu.

Kupima kwenyewe ni kazi ya dakika ishirini. Chagua sehemu moja ya gemu ambayo unaweza kuirudia, kwa mfano kukatiza mtaa uleule au kukimbia raundi ileile. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na G ili uone matumizi ya prosesa, kadi, RAM na idadi ya fremu. Anayetaka kuona joto na mengine zaidi aweke MSI Afterburner au HWiNFO, ambazo ni za bure. Cheza dakika kumi na tano bila kukatiza, kwa kuwa joto huchukua muda kupanda, kisha andika kwenye karatasi namba za mwanzo na namba za mwisho. Karatasi hiyo itunze. Kila utakapobadilisha jambo moja utarudi kupima sehemu ileile, na ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja hutajua lipi limeponya.

Yasiyogharimu chochote

Kijana mmoja alikuja kwangu na bajaji kutoka Mikindani, ameipakata kompyuta yake kama mtoto. Ndani mlikuwa na kadi nzuri ya kati, na hata hivyo alikuwa akipata fremu 19 katika kiwango cha chini kabisa cha michoro. Kabla sijaiwasha nilimwomba anionyeshe kwa kidole tundu analochomeka waya wa monita akiwa nyumbani. Alionyesha la juu, kati ya matundu yaliyopangwa wima pamoja na ya USB na ya spika. Chini yake, matundu ya kadi yenyewe, yale yaliyolala, yalikuwa bado yamezibwa kwa vifuniko vyake vya plastiki, havijawahi kutolewa. Kwa miezi minane alikuwa akicheza kwa kutumia michoro dhaifu iliyomo ndani ya prosesa, na kadi aliyoinunua kwa fedha nyingi ilikuwa imekaa bure ikizungusha feni. Tulihamisha waya tu. Siwezi kumlaumu, maana aliyemuuzia hakumwambia, na umbo la tundu ni lilelile juu na chini.

Kwa hiyo anza hapo: waya wa monita uingie kwenye matundu ya kadi. Kosa hili hutokea tu kwa prosesa zenye michoro ya ndani. Prosesa za Intel ambazo jina lake linaishia na F, kwa mfano, hazina michoro hiyo na ukichomeka juu hutaona picha yoyote.

La pili ni kufuli la fremu. Ikiwa namba yako inakaa kwenye 60 au kwenye 30 bila kuyumba, karibu kila mara si udhaifu, ni kikomo kilichowekwa na gemu, na draiva (programu inayoiendesha kadi), au na mpangilio uitwao V-Sync unaofungamanisha fremu na kasi ya monita. Monita nayo ikaguliwe: nyingi za 144 au 165 Hz (mara ambazo monita hubadilisha picha kwa sekunde) hurudi kwenye 60 baada ya Windows kuwekwa upya, na mwenyewe hucheza mwaka mzima bila kuona alichokilipia. Kasi hiyo ya monita hubadilishwa kwenye mipangilio ya juu ya onyesho ndani ya Windows.

Kagua vilevile mpangilio wa matumizi ya umeme, usiwe umewekwa kwenye kubana matumizi, jambo ambalo nimelikuta mara kwa mara kwenye kompyuta zilizotoka maofisini.

Nani anamsubirisha mwenzake?

Aliyewahi kukaa kwenye kazi ya korosho ataelewa sehemu hii upesi. Mmoja anabangua, mwingine anamenya ganda jembamba la ndani. Mmenyaji akiwa hodari kuliko mbanguaji, atakaa mikono mitupu akisubiri, na kumleta mmenyaji hodari zaidi hakutaongeza hata kilo moja ya korosho iliyo tayari. Prosesa huandaa kila fremu, kadi huichora. Swali la fundi ni nani kati yao anamsubiri mwenzake.

Angalia matumizi ya kadi wakati gemu inaendelea. Yakiwa kati ya asilimia 95 na 99, kadi inafanya kazi yote iliyo nayo, na dawa ni kupunguza vivuli, mwangaza na ukubwa wa picha, au kukubali kwamba hapo ndipo mwisho wake. Yakiwa asilimia 50 au 60 huku fremu ni chache na hakuna kikomo kilichowekwa, kadi inasubiri, na kununua kadi nyingine ni kupoteza fedha. Hapa wengi hudanganywa na namba ya prosesa: wanaona imeandikwa asilimia 30 na kusema prosesa imepumzika. Namba hiyo ni wastani wa koa zote, yaani vitengo vya kazi vilivyomo ndani ya prosesa. Prosesa yenye koa sita inaweza kuonyesha asilimia 30 wakati koa moja imefika mwisho, na gemu nyingi hutegemea sana koa moja au mbili. Fungua Task Manager na uangalie grafu ya kila koa peke yake.

Kuna jaribio moja ninaloliamini kuliko mengine yote. Shusha ukubwa wa picha hadi 1280 kwa 720 na urudie sehemu ileile. Fremu zikiruka juu, kadi ndiyo iliyokuwa inabana. Zikibaki palepale, kinachobana ni prosesa, RAM, au joto la prosesa, na ndiko tutakakoelekea.

Kukatakata kuna visababishi vyake. Kadi ya GB 4 ikibebeshwa michoro ya juu kabisa hujaza kumbukumbu yake na kuanza kuchota kutoka kwenye RAM, ambayo ni ya polepole zaidi. Ukishusha kiwango cha tekscha (picha zinazofunika sura za vitu ndani ya gemu) peke yake, mara nyingi tatizo huisha na macho hayaoni tofauti kubwa. RAM ya GB 8 nayo hujaa upesi ikiwa kivinjari kimeachwa wazi. Gemu yenye ramani kubwa ikiwa kwenye diski ya kuzunguka badala ya SSD itakatakata kila unapoingia eneo jipya, hata kama wastani wake wa fremu ni mzuri.

Joto, vumbi na hewa ya bahari

Sehemu hii ninaipa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo inayotofautisha kompyuta ya hapa na ile unayoiona kwenye video. Kipoza joto hakiwezi kukifanya kifaa kiwe baridi kuliko hewa ya chumba. Kinachoweza ni kupunguza tofauti kati ya viwili hivyo. Prosesa iliyopimwa kwenye chumba cha nyuzi 21 ikafika 75, itakaribia 85 kwenye chumba cha nyuzi 31, na nyuzi 31 mchana wa Desemba huku kwetu pwani si jambo la kushangaza. Hapo bado hatujaongeza vumbi.

Prosesa na kadi zimetengenezwa kujilinda: zinapofika kikomo cha joto hupunguza kasi zenyewe, bila kutoa onyo lolote kwenye skrini. Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha nyuzi 100, Ryzen nyingi za AMD kati ya 90 na 95, na kadi nyingi za NVIDIA huanza kujizuia zinapokaribia 83. Dalili yake inatambulika kwa karatasi yako ya vipimo: dakika tano za kwanza gemu ni laini, kisha fremu zinashuka na kubaki chini, na ukiizima ukapumzika nusu saa inarudi kuwa nzuri. Ili kuthibitisha, fungua ubavu wa kasha na uelekeze feni ya mezani humo. Joto likishuka nyuzi kumi au zaidi na fremu zikarudi, umepata mkosaji. Usiiache wazi hivyo ukadhani umemaliza, kwa sababu vumbi na mende hawatachelewa.

Sasa zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, na ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Itoe barazani. Ukiondoa feni ya kipoza joto utaona jambo ambalo wengi hawalitarajii: juu ya feni kuna vumbi jepesi tu, lakini chini yake, pale hewa inapoingia kwenye mapezi ya alumini, kumelala tabaka zito la kijivu lililoshikana kama kipande cha blanketi, na linaweza kubanduliwa kwa vidole likatoka zima. Huku pwani hewa ina unyevu na chumvi, kwa hiyo vumbi halikai kama unga. Hushikana na kung'ang'ania. Kupuliza peke yake hakutoshi. Tumia brashi laini ya rangi iliyo kavu kulilegeza, kisha puliza, huku ukiishika feni kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa nguvu ya upepo inaweza kuharibika. Usitumie kitambaa chenye maji, petroli wala thina.

Kwa wenzetu wa Newala, Tandahimba, Masasi na Nachingwea nina ombi moja zaidi. Katika msimu wa kupulizia mikorosho, msiweke mifuko ya salfa kwenye chumba chenye kompyuta, hata kama mifuko imefungwa. Salfa hushambulia shaba na fedha, na madini hayo mawili yamo kwenye njia na viungo vya ubao mama (bamba kuu linalounganisha vifaa vyote) na vya kadi. Nimewahi kufungua kasha lililolala karibu na mifuko hiyo, na sehemu za shaba zilikuwa zimegeuka nyeusi. Kompyuta ya namna hiyo haiponi kwa kufutwa vumbi.

Kuna kisa kingine cha joto ambacho hakihusiani na vumbi, nacho ninakieleza kwa kuwa ni rahisi kukikosa. Nililetewa kompyuta iliyosafirishwa kwa basi kutoka Newala. Ndani ilikuwa safi, feni inazunguka, lakini prosesa ilifika nyuzi 100 kabla ya dakika moja kwisha na gemu ikawa haichezeki. Niliweka kidole kwenye kipoza joto nikitarajia kuungua, nikakikuta baridi. Hiyo ndiyo dalili ya kuikumbuka: prosesa inaungua na pande la chuma lililo juu yake ni baridi, maana yake joto halivuki. Vipoza joto vingi vinavyokuja na prosesa za Intel hushikiliwa kwa pini nne za plastiki zinazosukumwa kwenye ubao mama, na mitikisiko ya njiani ilikuwa imechomoa moja. Kwa macho kilionekana kimekaa sawa, lakini upande mmoja kilikuwa kimenyanyuka kiasi cha unene wa karatasi.

Tiba yake ni kukitoa kipoza joto, kufuta pesti ya zamani (ile inayopitisha joto kati ya prosesa na kipoza joto) kwa alkoholi ya isopropili yenye asilimia 90 au zaidi, kusubiri ikauke, kuweka pesti mpya katikati ya prosesa kiasi cha punje moja ya mbaazi, kisha kurudisha na kusukuma pini kwa kupishana kona kwa kona mpaka kila moja itoe mlio. Baada ya hapo geuza ubao na uhakikishe kwa macho kwamba ncha za pini zote nne zimepita upande wa nyuma. Hata kama pini ni nzima, kompyuta iliyotumika miaka mitano au sita bila kubadilishwa pesti inastahili kazi hii, kwa sababu pesti hukauka na kupasuka.

Mahali pa kuweka kompyuta pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Kabati la meza lililofungwa ni jiko. Acha nafasi ya shubiri moja nyuma, inyanyue kutoka sakafuni, na hakikisha feni za mbele zinavuta hewa kuingia na ya nyuma inaitoa. Nimekuta nyingi zimefungwa zote zikivuta.

RAM iliyolala

Hapa ndipo ninapopata maboresho makubwa kwa gharama ndogo. Ubao mama mwingi wa mezani una njia mbili za kuwasiliana na RAM, na kijiti kimoja cha GB 16 hutumia njia moja tu. Vijiti viwili vya GB 8 hutumia zote mbili, na pale prosesa inapobana, tofauti inaonekana hata bila kupima, hasa kwa kompyuta zinazotumia michoro ya ndani ya prosesa. Kwenye ubao wenye sloti nne, vijiti viwili huwekwa kwa kawaida kwenye sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Ukiviweka kwenye ya kwanza na ya pili, kwenye mbao nyingi utakuwa umerudi kwenye njia moja.

Kisha fungua Task Manager uangalie kasi ya RAM. Kijiti cha DDR4 kilichoandikwa 3200 mara nyingi huanza kazi kwenye 2133 au 2400, kwa sababu kasi iliyoandikwa inahitaji kuruhusiwa ndani ya BIOS (mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka), kwenye kipengele kiitwacho XMP au, kwa mbao mpya za AMD, EXPO. Kompyuta ikigoma kuwaka baada ya hapo, rudisha mipangilio ya mwanzo ya BIOS na ujaribu kasi ya chini kidogo. Mbao za kompyuta za ofisi hazina kipengele hicho kwa kawaida, na hilo ni jambo la kulijua kabla ya kununua RAM ya bei kubwa kwa ajili yake.

Kadi iliyonunuliwa kama mbuzi kwenye gunia

Baada ya hayo yote, kadi yenyewe inaweza kushukiwa, na swali la kwanza ni iwapo kadi uliyonayo ndiyo uliyoambiwa. Majina hudanganya. Kadi ya GT 1030 ipo ya aina mbili zenye jina moja: yenye kumbukumbu ya GDDR5 hupitisha data karibu GB 48 kwa sekunde, yenye DDR4 haifikii hata GB 17, na kwenye gemu tofauti hiyo ni kubwa mno. GTX 1060 ya GB 3 ina koa 1152 na ya GB 6 ina 1280, kwa hiyo hazitofautiani kwa kumbukumbu tu. Mbaya zaidi ni kadi za zamani zilizoandikwa upya ndani ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Windows itaonyesha jina la uongo na utaamini. Programu ya bure ya GPU-Z husoma chipu yenyewe na mara nyingi huzitambua kadi hizo na kuziwekea alama kuwa ni bandia. Ninaiendesha kwenye kila kadi iliyotumika inayopita mikononi mwangu.

GPU-Z hiyohiyo huonyesha idadi ya njia ambazo kadi inazitumia kuzungumza na ubao. Kadi iwe kwenye sloti ndefu ya juu; ile ya chini, ingawa ina urefu uleule, mara nyingi ina njia nne tu kati ya kumi na sita. Soma namba hiyo kadi ikiwa kazini, kwa kuwa ikiwa imepumzika hushusha kasi ya mawasiliano kwa makusudi. Kadi za RX 6400 na RX 6500 XT zimetengenezwa na njia nne, na kwenye ubao wa zamani wenye PCIe 3.0, kizazi cha nyuma cha njia hizo, hupoteza sehemu ya uwezo wake. Kwa mwenye kompyuta ya zamani, hilo linatosha kumfanya aangalie kwingine.

Sloti hutoa wati 75. Kadi inayohitaji zaidi lazima ipate waya wa ziada kutoka pawa saplai, na pawa saplai nyingi za kompyuta ndogo za ofisi hazina waya huo. Kutumia viunganishi vya kubahatisha ni kujitafutia moto, kwa maana halisi ya neno hilo.

Programu na umeme

Upande wa programu nina machache. Weka draiva mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji wa chipu, na kama ulibadilisha kadi ya AMD kwa NVIDIA au kinyume chake, ondoa ya zamani kabisa kwa programu ya DDU kwanza. Baada ya draiva mpya, gemu inaweza kukatakata kwa dakika kadhaa za mwanzo wakati inaandaa upya sheda zake (shaders, programu ndogo za kuchora picha), hiyo hupita. Kisha funga gemu zote na uangalie matumizi ya kadi ukiwa umekaa bila kufanya kitu. Yakiwa juu, kuna programu inayoitumia kadi yako kisirisiri, na mara nyingi niliyoikuta ilikuwa ya kuchimba sarafu za kidijitali, iliyoingia pamoja na gemu ya wizi. Hapo ninashauri kunakili kazi zako na kuweka Windows upya, kwa sababu hujui kingine kilichoingia nayo.

Kuhusu umeme, ninasikia mara nyingi kwamba fremu zimepungua kwa kuwa umeme wa jioni ni hafifu. Pawa saplai hubadilisha umeme wa ukutani kuwa volti 12 zisizoyumba. Umeme ukishuka chini ya uwezo wake, kompyuta huzima au kujiwasha upya, haipunguzi fremu. Stabilaiza ni ya lazima kwa ajili ya uhai wa vifaa, na ninaisisitiza kwa kila mteja, lakini haitakuongezea fremu hata moja. Ikiwa kompyuta inazima katikati ya gemu nzito tu, shuku pawa saplai yenyewe au UPS ndogo inayozidiwa na mzigo.

Na ikiwa karatasi yako inaonyesha kadi iko kwenye asilimia 99, joto liko sawa, RAM iko kwenye njia mbili na kasi yake kamili, basi kadi ndiyo kikomo, na sasa unaweza kuagiza. Pima kwa rula nafasi iliyomo ndani ya kasha kutoka nyuma hadi kwenye feni za mbele, soma wati zilizoandikwa kwenye lebo ya pawa saplai, hesabu waya za ziada za kadi na matundu yake kama ni sita au nane, na umtumie muuzaji picha za vyote hivyo. Mwombe naye akutumie video fupi ya kadi hiyohiyo ikiwa inafanya kazi na GPU-Z imefunguliwa, namba za lebo zikisomeka, kabla haijapakiwa kwenye basi.